Digrii kabla ya miaka 18 kwa mtoto anayesoma nyumbani: mitihani ya CLEP, komyuniti koleji, au aingie chuo mapema kabisa?

Wazazi wenzangu tulioko Marekani tunaosomesha watoto nyumbani, kuna swali linatufikia wote mtoto akigonga miaka 13, 14 hivi. Aljebra kashamaliza, vitabu vya mwaka mzima anavimeza kabla ya Krismasi, na wewe umeshasikia kuna mtoto wa fulani kapata digrii ana miaka 17, basi unaanza kujiuliza huyu wangu anasubiri nini. Na mimi nilijiuliza hivohivo. Nina wawili, binti mkubwa nilimpitisha njia ya mitihani, mdogo wake wa kiume akapita komyuniti koleji (zile koleji za umma za mtaani, za miaka miwili), kwahiyo haya ninayoandika yamenitoa pesa na usingizi, na upendeleo ninao, mtauona wenyewe.

Tuwekane sawa kwanza. Kusomesha nyumbani ni halali majimbo yote 50 tangu 1993, ila kila jimbo na sheria zake, kuna majimbo hayakuulizi kitu na kuna mengine yanataka ripoti na mtoto apimwe. Digrii ya kwanza ni krediti 120 (krediti ni kipimo cha kuhesabu masomo ya chuo uliyomaliza), ya miaka miwili ile wanayoita asosieti ni 60, na kozi ya kawaida ina krediti 3, maana yake unatafuta kama kozi 40 kupata digrii kamili. Sasa hizo krediti si lazima zote uzipate umekaa darasani, zinaweza kutoka kwenye mtihani, kwenye koleji ya mtaani, kwenye kozi za onlaini, mradi tu chuo kitakachokupa cheti kinazikubali. Hapo kwenye "kinazikubali" ndo watu wanaumia, mimi nikiwemo.

Njia ziko tatu kubwa. Nianze na ile inayosifiwa sana.

MITIHANI (CLEP na wenzake)

CLEP ni mitihani ya College Board, walewale wa SAT (ule mtihani wa kuombea vyuo), ilianza miaka ya 1960. Iko 34, kuna historia ya Marekani, saikolojia, biolojia, kalkulasi, uhasibu, Kispanyola, na kadhalika. Mtihani mmoja kwa kawaida ni dakika 90, unafanyia kwenye kompyuta, maswali mengi ni ya kuchagua jibu, na ukibonyeza kumaliza matokeo yanakuja palepale (ukiacha ule wa insha). Alama zinatoka 20 mpaka 80, na 50 ndo inayopendekezwa vyuo vitoe krediti. Bei haifiki dola 100 kwa mtihani, kituo cha kufanyia nacho kinaweza kuweka hela yake juu. Umri wa chini haupo. Mtoto wa miaka 13 akiwa yuko tayari anaingia anafanya, na hakuna mtu anamuuliza yuko darasa la ngapi.

Halafu kuna Modern States, hawa wana kozi za bure kwenye intaneti kwa ajili ya hii mitihani, ukimaliza kozi wanakupa vocha inayolipia ada ya mtihani. Yaani mzazi ambaye hana hela kabisa anaweza kumfikisha mtoto krediti 30 bila kutoa pesa ya maana mfukoni, hiyo sio chumvi, nimefanya. Binti yangu alikuwa anasoma wiki sita, saba hivi, anafanya majaribio ya mazoezi, akiona anapata vizuri mara tatu mfululizo tunaweka nafasi kituoni. Mtihani ukikataa unasubiri miezi mitatu kabla ya kurudia, na kemia ilimkataa, alilia gari zima kurudi nyumbani, ila haikuandikwa popote! Ukifeli CLEP hakuna F (alama ya kufeli) inayokaa kwenye transkripti, yaani rekodi ya alama zake za chuo, unarudi unasoma tena kimyakimya. Hilo kwa mtoto wa miaka 14 ni jambo kubwa na watu hawalipi uzito wake.

Kuna na DSST, hii ilitengenezwa kwa ajili ya wanajeshi lakini raia yeyote anafanya, inaziba mapengo ambayo CLEP haina. Kuna AP pia, mitihani ya ngazi ya chuo kwa watoto wa hai skuli, ila AP inafanyika mara moja tu kwa mwaka mwezi wa tano, na mtoto wa nyumbani lazima utafute shule itakayokubali afanyie kwao, kuna mwaka nilipiga simu shule nne na zote zikanipiga chenga. Na kwa wale watoto wao wanaongea Kiswahili vizuri, New York University imekuwa na mtihani wa ujuzi wa lugha nyingi sana na Kiswahili kimo, uliza kama bado upo na chuo chako kama wanaupokea maana hizo ni krediti za lugha mtoto amezipata jikoni kwa bibi yake.

Tatizo la njia hii piga hesabu mwenyewe. Unahitaji krediti 120, mitihani ya CLEP ni 34 tu na mingi ina krediti 3, michache ina 6, na karibu yote ni ya ngazi ya chini, ile ya mwaka wa kwanza na wa pili. Digrii yoyote inadai pia krediti za ngazi ya juu kwenye fani yenyewe. Kwahiyo mtoto anakimbia vizuri mpaka nusu ya safari afu anakuta ukuta, na pale kwenye ukuta ndo hela inaanza kutoka kweli. Mtu akikwambia mwanae kapata digrii kwa CLEP peke yake muulize tena taratibu.

Pili, vyuo vingi vina kikomo cha krediti za mitihani wanazopokea, na vingi vya vile vyenye majina makubwa havitaki CLEP kabisa. Ndo maana wanaopita hii njia wengi wanamalizia kwenye vyuo vitatu vilivyozoea hii biashara: Thomas Edison State University ya New Jersey, Excelsior University ya New York na Charter Oak State College ya Connecticut. Vyote vilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa ajili ya watu wazima wenye krediti zao zimetapakaa huku na kule, vyote vina ithibati (kibali cha ubora wa chuo) ya kweli ileile waliyo nayo vyuo vikuu vya kawaida, na vinapokea krediti nyingi sana za nje kuliko wengine. Kozi chache lazima uzichukue kwao, hasa ile kozi ya kumalizia. Lakini kumbuka vilijengwa kwa watu wazima, kwahiyo masharti ya umri na ya cheti cha hai skuli yasome kwenye tovuti yao mwaka huohuo unaotaka kuingia, usitegemee alichosema mzazi mwingine miaka mitano iliyopita, mimi nikiwa mmojawapo.

Na neno hilo ithibati, ukiona "chuo" kinakuuzia digrii kwa kuangalia uzoefu wa maisha na kadi ya benki, kimbia.

KOMYUNITI KOLEJI (duali enrolimenti)

Hii ni mtoto bado anahesabika ni wa hai skuli lakini anachukua kozi za koleji, krediti zinahesabika huku na huku. Minnesota ndo walioanza kuifanya sheria ya jimbo, 1985, programu yao inaitwa PSEO na inalipia ada na vitabu, watoto wanaosoma nyumbani wamo. Washington wana Running Start, hii ni ya darasa la 11 na 12, ada hulipi, vitabu na nauli ni juu yako. Florida mtoto aliyesajiliwa kusoma nyumbani halipi ada kwenye duali enrolimenti. Majimbo mengine unalipa nusu, mengine unalipa yote kama mtu yeyote, kwahiyo hii njia inaweza kuwa bure au ikawa ghali kutegemea tu umeamka jimbo gani. Sio haki ila ndo ilivyo.

Mtoto anafanya mtihani wa kupimwa kusoma, kuandika na hesabu, akifaulu anaingia darasa moja na watu wa miaka 19, na akina mama wa miaka 40 wanaorudi shule. Kijana wangu aliingia na miaka 15, mrefu kidogo, hakuna aliyejua umri wake mpaka siku alipoomba ruhusa atoke mapema mamake amefika kumchukua.

Faida kubwa ya hapa ni kwamba anapata alama za kweli kutoka kwa mwalimu wa kweli. A ni A. Ana maabara ya kemia yenye moshi na miwani, sio video. Ana mwalimu anayeweza kumwandikia barua ya mapendekezo baadaye, kitu ambacho binti yangu alihangaika nacho sana maana mitihani 20 haikuandikii barua. Na akichukua kozi nyingi anaweza kumaliza hai skuli akiwa na asosieti mkononi, krediti 60, kisha anahamia chuo kikuu cha jimbo kumalizia miaka miwili. Florida kwa mfano sheria inamhakikishia aliyemaliza asosieti ya sanaa kwenye koleji ya umma nafasi kwenye mojawapo ya vyuo vikuu vya jimbo, sio lazima kile anachokitaka yeye ila nafasi ipo.

Sasa upande wa pili wa hilo shilingi, na hapa nakaa kidogo maana ndo palipotuuma. Alama za kweli maana yake na mbaya ni za kweli. Hiyo transkripti inaanza siku ya kwanza na haifutiki. Mtoto akipata D ya Kiingereza ana miaka 15 kwa sababu alikuwa haelewi kwamba kazi ikipitwa na muda haipokelewi, hiyo D itamsubiri. Ukitaka kwenda udaktari, mfumo wa maombi wa vyuo vya udaktari AMCAS unataka alama za kila kozi ya koleji uliyowahi kuchukua, za wakati wa hai skuli zikiwemo. Ukitaka kusomea sheria nako, LSAC, wanaoshughulikia maombi ya vyuo vya sheria, wanahesabu kila kozi uliyochukua kabla ya digrii ya kwanza. Hawaangalii ulikuwa na miaka mingapi.

Na kitu kingine ambacho hakuna aliyeniambia. Mtoto akishaanza koleji, haki zote za rekodi zake za pale zinahamia kwake, hata akiwa na miaka 14, ni sheria ya shirikisho inaitwa FERPA. Kijana alivoanza kuyumba semista ya kwanza nilimwandikia mwalimu imeili ndefu ya heshima kabisa, nikajibiwa mistari miwili kwamba hawezi kuzungumza na mimi habari za mwanafunzi bila idhini ya mwanafunzi. Mwanafunzi mwenyewe yuko mezani kwangu anakula uji! Kuna fomu anasaini inaruhusu mzazi aone, isainini mapema kabla ya semista kuanza, lakini hata na fomu walimu wengi wanataka kuongea na mtoto mwenyewe na ukweli wana haki, kama hawezi kumuuliza mwalimu swali basi labda hajawa tayari. Tulimtoa kwenye kozi moja kabla ya tarehe ya mwisho, ikabaki W (yaani alijitoa) badala ya F, akaja kuirudia mwaka uliofuata akapata B. Tarehe ya mwisho ya kujitoa iandike ukutani.

KUINGIA CHUO MAPEMA KABISA

Hii ni ya wachache, sitaimaliza. Kuna vyuo vina programu maalumu ya kuchukua watoto wadogo kama kundi na kuwasimamia. University of Washington wanayo tangu 1977, watoto wanaingia kabla ya miaka 15 na kwanza wanapita mwaka wa kuandaliwa. Cal State Los Angeles nao wana ya kwao tangu miaka ya 1980. Mary Baldwin ya Virginia walianza 1985 na wasichana, wanakaa bwenini. Simon's Rock ilifunguliwa miaka ya 1960 kama koleji nzima kwa ajili ya wanaoingia kabla ya kumaliza hai skuli, kampasi yake ya Massachusetts imefungwa 2025 na programu imehamishiwa New York chini ya Bard.

Ubora wake mtoto anapata wenzake. Ule upweke wa kuwa mdogo peke yake darasani haupo maana wako kundi. Ubaya ni nafasi chache, ushindani, na ile ya bwenini ni bei ya chuo binafsi. Na lazima mtoto mwenyewe awe anautaka, tena anautaka kwelikweli, sio mzazi anautaka.

Watu wanapenda kutaja mifano mikubwa. Michael Kearney alisomea nyumbani akapata digrii ya anthropolojia University of South Alabama 1994 ana miaka 10. Uingereza kuna Ruth Lawrence, alifundishwa nyumbani na babake, akaingia Oxford 1983 ana miaka 12 na kumaliza hesabu miaka miwili baadaye, babake anaingia naye lekcha. Erik Demaine wa Canada alisomeshwa na babake wakizunguka Amerika Kaskazini, akaanza chuo na miaka 12, na akiwa na miaka 20 tu alikuwa profesa MIT. Hadithi tamu, lakini hao hawakusaidii kuamua kitu, ni kama kumpangia mwanao ratiba ya mpira kwa kumwangalia Messi. Mtoto wa kawaida mwenye bidii anaweza kumaliza asosieti na miaka 17 au digrii na 19, na hiyo inatosha kabisa kumshangaza shangazi yake.

SASA TUZIWEKE BEGA KWA BEGA

Pesa: mitihani ndo rahisi kabisa kwa nusu ya kwanza, nusu ya pili inakuwa ada ya chuo cha kumalizia. Komyuniti koleji inategemea jimbo, ikiwa bure basi hakuna kinachoishinda hata CLEP, maana bure na alama juu. Kuingia mapema bwenini ni ghali kuliko zote.

Kasi: mitihani, bila ubishi. Binti alifanya mitihani mitano kwenye kiangazi kimoja. Koleji ina semista zake, haikimbiliki. Kuna na hizi kozi za onlaini za kulipia kwa mwezi kama Sophia, Study.com na StraighterLine, unakwenda kwa spidi yako na ACE (baraza la vyuo la Marekani linalopendekeza kozi zipewe krediti) wanazipendekeza, sisi tulizitumia kuziba mapengo na zilisaidia sana, lakini nazo ni kama CLEP, zinapokelewa huku na kukataliwa kule.

Alama: hapa ndo tofauti kubwa kuliko zote kwa maoni yangu na watu wanaipita haraka. CLEP haitoi GPA, yaani wastani wa alama, inaandikwa tu amepita. Raha wakati wa kufeli, tabu wakati wa kuomba kitu. Binti yangu alimaliza digrii ya biashara na miaka 18, cheti kiko ukutani, tulifanya pilau mtaa mzima. Miaka miwili baadaye anataka kuomba masta, fomu inauliza GPA, na GPA yake yote imetoka kwenye kozi chache alizochukua kwenye kile chuo cha mwisho, mojawapo ikiwa na C. Kozi chache, C moja, unaona inavyovuta chini? Angekuwa na kozi 40 zenye alama hiyo C isingeonekana. Ilibidi achukue kozi nne za ziada kwa hela yetu ili aoneshe anaweza. Njia fupi ikarefuka. Na wanaotaka udaktari wasahau CLEP kwa biolojia na kemia, vyuo vingi vya udaktari vinataka hayo masomo yawe ya darasani na maabara.

Ila mtu anayetaka kazi ambayo tangazo linasema tu "awe na digrii", au anaendesha biashara yake, au anataka kupanda cheo kazini, njia ya mitihani imemtosha na chenji inabaki. Mwajiri anauliza unayo au huna.

Utu uzima: hiki siwezi kukipima. Binti alikuwa na muda, alicheza piano, alijitolea maktaba, alilala vizuri, lakini alisoma peke yake chumbani miaka mitatu na kuna siku alikuwa kama kuku wa banda. Kijana alikasirika zaidi, alichoka zaidi, alijifunza kupanda basi na kugombana na ofisi ya usajili kuhusu kozi iliyojaa. Akiwa na 17 alikuwa anajua kuandika imeili kuliko baba yake.

Umri wenyewe ukishamaliza: digrii na miaka 17 inakuja na kichekesho chake, mtoto ana cheti lakini hawezi kusaini mkataba wa nyumba mwenyewe, na kazi na intanshipu nyingi zinataka 18. Kwahiyo ile miaka uliyoiokoa inaweza kukaa tu sebuleni inasubiri besdei.

MTEGO WA SKOLASHIPU

Hili naliweka peke yake. Vyuo vikuu vingi hela zao nene za skolashipu wanaziweka kwa anayeingia mwaka wa kwanza moja kwa moja kutoka hai skuli, na anayehamia kutoka chuo kingine anabakiziwa makombo. Kwa kawaida krediti alizopata kabla hajamaliza hai skuli hazimtoi kwenye kundi la mwaka wa kwanza, hata kama anazo 60. Lakini akishamaliza hai skuli, wewe mzazi umemsainia diploma na miaka 15 kwa furaha, kisha akaanza kuchukua kozi baada ya hapo, anahesabika ni wa kuhamia. Diploma ya nyumbani unaisaini wewe, na tarehe unaichagua wewe, kwahiyo usiwe na haraka nayo. Sisi kwa binti tulisaini mapema. Kwa kijana tulisubiri mpaka 18.

Upande wa pili, msaada wa shirikisho kama Pell (ruzuku ya wanafunzi wa kipato kidogo, hairudishwi) haumpi mtoto ambaye bado yuko hai skuli, lazima awe amemaliza, na aliyesomea nyumbani anastahili akimaliza kwa mujibu wa sheria ya jimbo lake. Na Pell ina kikomo cha maisha, sawa na miaka sita ya kusoma muda wote. Kwahiyo ukimtangaza amemaliza mapema unafungua mlango wa Pell na unafunga wa skolashipu za mwaka wa kwanza. Familia yenye kipato kidogo na chuo cha bei nafuu, Pell inaweza kuwa bora. Familia ambayo Pell haiwapi kitu, mnajifungia mlango bure.

NINGECHAGUA NINI

Nikipewa mtoto wa tatu leo (mume wangu akisoma hapa atulie) ningechanganya. Miaka 13 na 14 CLEP mbili au tatu, kwa masomo anayoyapenda mwenyewe, ili ajifunze kukaa na mtihani mkubwa mahali ambapo kufeli hakuachi kovu. Miaka 15 kozi moja tu ya komyuniti koleji, moja, iwe ya kitu anachokiweza, hata kama koleji inamruhusu nne. Akipata A au B na amejifunza kuongea na mwalimu mwenyewe, 16 na 17 anaongeza kidogokidogo. Akifika 18 ana krediti 45 mpaka 60 zenye alama nzuri, anaomba chuo kikuu kama mwaka wa kwanza, anapata skolashipu kama ipo, anamaliza na 20. Digrii na 20 haimtoi mtu kwenye gazeti lakini kila mlango uko wazi.

Mitihani tupu ningemshauri mtoto anayejisukuma mwenyewe, anayejua hataki shule zaidi ya digrii moja, au familia iliyo mbali na koleji, inayohamahama, au jimbo ambalo duali enrolimenti ni ya kulipia kila senti. Koleji tupu kwa mtoto mwenye ndoto ya uhandisi, unesi, udaktari, vitu vyenye maabara. Na kama mtoto hapendi, yaani anakuitikia tu "sawa mama" akiangalia chini, muache awe na miaka 15 kwanza.

Na kabla hujalipa mtihani hata mmoja, kaeni na mtoto mchague vyuo vitatu ambavyo angependa kumalizia, hata kwa kubahatisha, kisha uandike imeili ofisi ya usajili ya kila kimoja. Uliza: mnapokea krediti ngapi za CLEP na kwa alama gani, zinahesabika kwenye fani yake au zinaingia tu kama krediti za kujazia? Uliza kozi za koleji yetu ya hapa zinaingia kama zilivyo? Uliza mtoto aliyesomea nyumbani mwenye krediti 60 za kabla ya diploma anaomba kama nani, wa mwaka wa kwanza au wa kuhamia, na skolashipu zipi zinamhusu? Majibu yahifadhi kwa maandishi, na jina la aliyejibu na tarehe, maana sera zinabadilika na yule uliyeongea naye kwa simu huwa hakumbuki kitu. Mimi nilituma hizo imeili kwa kijana, wawili wakajibu ndani ya wiki, wa tatu mpaka leo kimya, na huyo wa tatu ndo tulimfuta kwenye listi.